Shela moja, maharusi wengi

*Kukodi, kushona au kuagiza nje: kila njia ya kupata gauni la harusi ina watetezi wake. Ugomvi mwingi, hata hivyo, huanzia kwenye daftari la dukani na kwenye mfuko wa anayelipa.*

Jumatatu asubuhi, uani kwa duka moja la kukodisha mashela Sinza, Dar es Salaam, gauni lililoingia kanisani juzi limelala ndani ya beseni. Binti mmoja amechuchumaa, mkononi ana mswaki wa meno, anasugua upindo uliogeuka kijivu kwa vumbi la ukumbini na tope la maegesho ya magari. Shingoni mwa gauni kuna alama ya vipodozi. Kwenye mkono wa kulia kuna krimu ya keki iliyokauka.

Pembeni yake mwenzake anashona shanga. Ana kopo lenye shanga za kila namna, maana maharusi hawarudishi shanga zilizodondoka. Zinabaki kwenye kiti cha gari, kwenye zulia, kwenye koti la bwana harusi.

Mbele, upande wa kioo, mambo ni mengine. Mashela yametundikwa kwa mstari, yamepigwa pasi ya mvuke, yananukia marashi, na kila mteja anaambiwa limevaliwa mara moja tu. Msichana anayetarajia kuolewa amekuja na dada yake na wifi yake mtarajiwa. Yeye anataka mshono wa samaki, unaobana hadi magotini. Dada anataka gauni la kutanuka, lenye sketi ya ndani ya duara za waya, ili waliokaa nyuma ukumbini nao waone. Wifi, aliyeshika simu yenye pesa zilizotumwa na kaka yake, anauliza bei kabla ya kuuliza rangi.

Wanaafikiana. Nusu inalipwa kwa simu, jina na tarehe vinaandikwa kwenye kauntabuku, wanaondoka wakicheka. Risiti haikutolewa na namba ya gauni haikuandikwa. Wala hakuna aliyeuliza itakuwaje kama bibi harusi wa wiki itakayotangulia atachelewa kulirudisha.

Pesa ya nani?

Katika harusi nyingi za mijini mgawanyo unajulikana. Upande wa mwanamke huandaa kicheni pati na sendofu, upande wa mwanamume hubeba harusi yenyewe, na shela huhesabiwa huko kwa mwanamume.

Kamati ikikaa, kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina na vikamati vya kila kitu: chakula, vinywaji, ukumbi, mapambo, usafiri, muziki na emsii. Shela halina kikamati. Likitajwa, mara nyingi bwana harusi huambiwa hilo ni lake, ajipange. Kwa hiyo anayetoa pesa ni mtu ambaye pengine hajawahi kufungua zipu ya gauni dukani, na ambaye kwa imani ya wengi haruhusiwi hata kuliona kabla ya siku yenyewe.

Hapo ndipo wifi anapoingia. Hutumwa kuangalia pesa isimwagike, na mara chache hutumwa kwa ubaya. Lakini mtu aliyetumwa kulinda pesa hana sababu ya kuuliza kama bibi harusi anaweza kuketi ndani ya gauni hilo, kupanda gari, au kwenda msalani bila kusindikizwa na watu wawili.

> Anayelipa ni mmoja, anayevaa ni mwingine, na wanaosema ni wote walioingia dukani.

Na shela siku hizi ni mwanzo tu. Kuna nguo ya sendofu, ambayo huwa ya kitenge au leisi nzito, na kuna gauni la kubadilisha katikati ya sherehe ili bibi harusi aweze kucheza. Ukiongeza magauni ya wasimamizi na sare za kamati, utaona kwa nini wengi hufika kwenye shela wakiwa wamechoka, mifuko imelegea, na wako tayari kukubali lolote linalowaenea.

Kwa ndoa nyingi za Kiislamu mahesabu ni tofauti. Akidi hufungwa msikitini au nyumbani, na bibi harusi si lazima awepo mbele ya wanaume wanaoishuhudia. Bwana harusi huleta sanduku au begi la nguo, na pwani kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe bado kina heshima yake. Gauni kubwa huonekana kwenye sherehe ya wanawake. Mombasa usiku huo huitwa kupamba, na macho ya wanawake peke yao hukagua mshono kwa ukali ambao hakuna kamati ya wanaume ingeuweza.

Kwa nini wengi hukodi

Kukodi shela Dar es Salaam huanzia laki kadhaa, na kununua jipya lenye kazi nzuri huweza kuvuka milioni kirahisi. Kwa nguo itakayovaliwa kwa muda wa saa kumi na mbili hivi, kuanzia saluni hadi kufunga ukumbi, hesabu inajieleza yenyewe.

Kwa mwenye duka pia inajieleza. Chukua mfano tu: shela lililonunuliwa kwa shilingi milioni 1.2, likikodishwa kwa laki tatu, linarudisha mtaji baada ya harusi nne. Kuanzia ya tano ni faida, ukitoa sabuni, shanga, kodi ya pango na mshahara wa yule binti wa mswaki. Ndiyo maana gauni zuri halipumziki, na mwenye duka hana hamu ya kumwambia mteja kwamba Jumamosi yake imeshashikwa.

Biashara hii imeamua hata mishono. Angalia migongo ya mashela ya kukodi: mengi yana matundu na kamba za kufungia, machache yana zipu. Zipu inamtambua mtu mmoja. Kamba huvutwa kwa mwembamba na kulegezwa kwa mnene, na gauni moja likahudumia wanawake wa vipimo vitatu au vinne. Upindo nao haukatwi, kwa sababu wiki ijayo atakuja mrefu zaidi. Mfupi hupandishwa kwa viatu virefu au kwa mishono mikubwa ya muda inayofumuliwa Jumatatu.

Mteja anayeyajua haya anachagua vizuri. Anageuza gauni ndani nje. Anaangalia kwapa, kwa sababu jasho linalokauka kwenye satini ya poliesta huacha njano isiyotoka. Anaangalia upindo, ananusa kuona kama kuna ukungu, maana unyevu wa Dar es Salaam na mfuko wa nailoni haviachi kitambaa salama. Kisha anaketi. Kaunta haiuzi viti, lakini kiti ndicho kipimo cha kwanza cha shela: koseti iliyokazwa ukiwa umesimama mbele ya kioo ni habari nyingine kabisa ukikaa misa nzima.

Siku nzuri ya kwenda kukagua, kwa maoni yangu, ni Jumatatu au Jumanne, magauni yakiwa yamerudi na bado hayajapakwa marashi. Wenye maduka hawapendi. Lakini duka linalokuruhusu kuona uani kwake lina kitu cha kujivunia.

Aibu ambayo haina msingi

Bado kuna watu wanaokodi kwa siri. Wanaomba nembo ya duka itolewe kwenye mfuko, wanawaambia mashoga zao kwamba limeagizwa Uturuki. Wasiwasi wao ni kwamba mtu atalitambua gauni kwenye picha za harusi nyingine.

Historia iko upande wa wanaokodi na kuazima. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa Februari 10, 1840, alivaa satini nyeupe iliyofumwa Spitalfields, London, na leisi ya Honiton. Kabla ya hapo maharusi wengi wa Ulaya walivaa tu nguo yao nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote, wakaendelea kuivaa miaka iliyofuata. Victoria ndiye aliyeupa weupe umaarufu, lakini hata yeye hakuiweka leisi yake kabatini. Aliendelea kuivaa, na picha yake rasmi ya mwaka 1897, alipotimiza miaka 60 ya utawala, inamwonyesha akiwa nayo.

Mjukuu wa Malkia Elizabeth, Beatrice, aliolewa Julai 17, 2020 kwa gauni la kuazima. Lilikuwa la bibi yake, kazi ya Norman Hartnell, lililoshonwa zamani za miaka ya 1960. Walilirekebisha na kuliongezea mikono mifupi. Kama binti wa kasri anaweza kuolewa na nguo ya kabatini kwa bibi, sioni kwa nini mtu wa Tabata ajifiche.

Kwetu gauni jeupe liliingia pamoja na ndoa za kanisani, na kwa muda mrefu lilikuwa jambo la kuazimana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo zilipokuwa za kupanga foleni, hakukuwa na maduka ya mashela ya kutembelea. Kulikuwa na shangazi mwenye gauni. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, madirisha ya maduka yakaanza kujaa, na mitumba nayo ikarudi sokoni. Maduka ya kukodisha yalichofanya ni kuuweka ule uazimaji kwenye kaunta na kuupa bei.

Na mitumba yenyewe? Mashela yamo. Katika belo za nguo za kike hutokea gauni la harusi la Ulaya au Marekani, limevaliwa siku moja na kutolewa kama msaada. Ukienda Ilala au Memorial pale Moshi na mtu anayejua vitambaa, unaweza kutoka na kazi ambayo dukani usingeigusa. Lakini mara nyingi mwenye duka la kukodisha ameshaamka mapema kuliko wewe, na gauni hilohilo utalikuta kwake baada ya mwezi, limepunguzwa kiuno na kuongezewa shanga.

Fundi naye ana lake

Mafundi cherehani hawawapendi wenye maduka, na wana sababu. Mshono mmoja wa shela huchukua kazi ya wiki: koseti yenye mifupa ya plastiki, bitana, neti ya tabaka kadhaa, leisi inayokatwa ua kwa ua na kubandikwa kwa mkono. Fundi hulipwa mara moja. Duka hulipwa kila Jumamosi.

Hoja yao ni nzito. Gauni la kushonwa limepimwa mwilini mwako, mikono iko pale unapoitaka, na pesa inabaki mtaani: kwa muuza leisi wa Kariakoo, kwa msaidizi wa fundi, kwa fundi mwenyewe. Kijana aliyehitimu ushonaji VETA anahitaji kazi za namna hii kuliko kupunguza suruali.

Tatizo ni tarehe. Sifa ya fundi wa Kiswahili kuhusu tarehe haihitaji kuelezwa. Sketi ya sikukuu ikichelewa utavaa ya mwaka jana. Shela likichelewa hakuna la mwaka jana.

Kwa anayeshonesha, salama iko katika jaribio la kwanza. Fundi anayejiamini hukata kwanza koseti ya kitambaa cha marekani au cha bei rahisi chochote, akakuvika, akachora marekebisho, ndipo aguse satini. Fundi anayekata leisi yako moja kwa moja kutoka kwenye picha ya simu anacheza na pesa zako. Na picha yenyewe itazamwe kwa akili: gauni linalosimama lenyewe kwa kitambaa kizito cha mikado halitasimama hivyo kwa satini nyepesi, hata fundi akiwa bingwa.

Kuna njia ya katikati inayoanza kuzoeleka, nayo inaniridhisha kuliko zote. Duka hulipia gauni jipya lishonwe kwa vipimo vya bibi harusi, yeye hulivaa wa kwanza kwa bei iliyo juu kuliko ya kukodi la zamani lakini chini ya kununua, kisha linarudi dukani na kuanza kazi. Fundi amepata mteja wa kudumu, duka limepata bidhaa, na bibi harusi amevaa kitu kilichomkaa.

Kutoka Guangzhou hadi mlangoni

Upande mwingine wako wanaoagiza. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua Guangzhou kama wanavyoijua Mtaa wa Kongo, na sehemu kubwa ya mashela yanayouzwa duniani hushonwa China, katika miji kama Suzhou na Chaozhou. Uturuki nayo ina Izmir, mji wenye viwanda vya magauni ya harusi na maonyesho yake ya kila mwaka. Mtu anayefungua simu usiku na kuona gauni la ndoto zake kwa bei ya chini kuliko ya kukodi Kinondoni hana budi kushawishika.

Bei hiyo si bei. Tangu Julai 2022 kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 35, na nguo zilizoshonwa zimo katika kundi hilo. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Tuseme gauni pamoja na usafiri limefikia shilingi milioni moja. Ushuru ni 350,000. VAT hutozwa juu ya jumla ya 1,350,000, yaani 243,000. Umefika 1,593,000 kabla ya tozo ndogondogo na kabla fundi hajapunguza upindo.

Ushuru huo uliwekwa kwa ajili ya yule fundi wa aya zilizotangulia, na waagizaji hulalamika kwamba unawaumiza wao bila kumfikia yeye, kwa sababu leisi na satini anazotumia nazo hutoka nje. Wana hoja. Lakini bila ushuru huo, cherehani nyingi za mashela zingekuwa zimeshafunikwa kitambaa.

Halafu kuna picha. Wauzaji wengi wa mtandaoni huweka picha za wabunifu wakubwa na kutuma nakala iliyoshonwa kwa nusu ya kitambaa. Neti ya tabaka saba inakuja tatu. Anayeagiza lazima aombe picha ya gauni halisi lililoshonwa, siyo la mwanamitindo, na atume vipimo kwa sentimita: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka shingoni hadi sakafuni akiwa amevaa viatu vya siku hiyo. Herufi za S, M na L hazina kazi hapa, kwa kuwa magauni ya harusi mara nyingi hukatwa kwa vipimo vidogo kuliko nguo za kawaida.

Wa kuagiza wanahitaji miezi. Gauni lililofika wiki ya harusi ni lilelile, liwe limekaa au halijakaa.

Mchungaji ana neno

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka nia ya kufunga ndoa itangazwe siku 21 kabla. Kuhusu gauni haisemi kitu. Anayesema ni paroko, mchungaji au baraza la wazee.

Sharika na parokia nyingi hazitaki mabega wazi, kifua wazi wala mgongo wazi mbele ya madhabahu, na baadhi hutaka shela lionekane na viongozi kabla ya siku yenyewe. Vijana hulalamika kwamba kanisa linaingilia kabati. Viongozi hujibu kwamba ibada ni ibada, ukumbini kila mtu avae anavyotaka.

Mimi naona wote wangeepuka ugomvi kama sharti lingesemwa siku ya kwanza ya mafundisho ya ndoa, siyo Alhamisi ya mwisho. Msichana aliyelipia gauni lisilo na mikono kisha akaambiwa halifai hana pa kwenda isipokuwa kununua kikoti cha leisi, ambacho maduka yanacho tele, kwa sababu yanajua. Kikoti hicho, kikivaliwa juu ya koseti isiyokusudiwa kuwa nacho, huharibu mshono ambao pesa ilitumika kuununua.

> Sharti la kanisa lingesemwa siku ya kwanza ya mafundisho, vikoti vya leisi vingekosa wateja.

Kauntabuku si mkataba

Turudi kwenye kaunta, kwa kuwa hapa ndipo pesa hupotea. Malalamiko ya mashela yanafanana: gauni lililochaguliwa lilipewa mtu mwingine, lilirudi limechanika na mteja wa pili akapewa mbadala, amana ya usafi haikurudishwa, duka lilihama na kianzio kikahama nalo.

Wenye maduka nao wana orodha yao. Gauni linalotakiwa Jumatatu huja Alhamisi. Veli inaungua kwa mshumaa. Taji linapotea na kila mtu anasema alimwachia matroni. Mteja anaahirisha harusi wiki mbili kabla na kudai pesa yote, wakati Jumamosi hiyo wateja wengine walishakataliwa. Haya ni madai ya haki, na mtu anayekodi kitu cha mwenzake hana budi kuyasikia.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyakatai makubaliano ya mdomo. Shida ni ushahidi. Jina na tarehe kwenye kauntabuku ya muuzaji ni ushahidi unaokaa kabatini kwa muuzaji. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokewa mahakamani, kwa hiyo hata asiyeweza kuandika mkataba anaweza kutuma ujumbe wa WhatsApp akiwa bado dukani: picha ya gauni, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha, vinavyotoka pamoja nalo (veli, taji, sketi ya ndani, glavu), kiasi cha amana, na kitakachofanyika gauni likikosekana. Muuzaji akijibu sawa, mkataba upo.

Risiti ya EFD nayo iombwe kwa ajili yako mwenyewe, achilia mbali kodi. Duka linalotoa risiti lina jina lililosajiliwa na mahali pa kupatikana. Malalamiko ya bidhaa na huduma yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye jukumu la kumlinda mlaji. Ni kweli hakuna tume itakayokuletea gauni Jumamosi saa nne asubuhi. Ndiyo maana sharti la mbadala liandikwe kabla: mbadala wa thamani ipi, nani anachagua, na kiasi gani kinarudi mkononi.

Maduka makini yameshaanza kufanya hivi bila kuombwa. Yameshona namba ndani ya kila gauni, yanaacha siku kadhaa kati ya harusi na harusi, na hayapokei pesa bila karatasi. Bei zao ziko juu kidogo. Tofauti hiyo ndiyo bei ya usingizi wa Ijumaa usiku.

Nani achague

Swali hili ndilo linalowagawa watu kuliko bei. Mama mkwe ana maoni. Dada ana maoni. Msusi wa saluni ana maoni, hasa kama saluni hiyo ndiyo inayokodisha mashela, kwa kuwa siku hizi vifurushi vya vipodozi, nywele na shela huuzwa pamoja na ni vigumu kujua kipi kimepunguzwa bei na kipi kimepandishwa.

Wanaotetea uamuzi wa familia wanasema harusi ya Kiafrika si ya watu wawili. Michango imetoka kwa ukoo, wafanyakazi wenzao na majirani. Hawezi mtu mmoja kusimama na kusema yeye anataka gauni fupi la rangi ya shampeni kwa sababu ameliona mtandaoni. Heshima ya wazazi imo ndani ya gauni lile, na picha zitatundikwa sebuleni kwao pia.

Wanaompa bibi harusi uamuzi wanauliza jambo dogo tu: ni nani kati yenu atakayelivaa?

Msimamo wangu uko na hawa wa pili, kwa sababu za kimwili kuliko za kifalsafa. Kati ya Desemba na Februari joto la Dar es Salaam hupita nyuzi 30, na satini ya poliesta haipitishi hewa. Anayejua atatoka jasho wapi, ana kovu wapi, ananyonyesha au hanyonyeshi, ana mimba au hana na hajamwambia mtu, ni mmoja. Familia iseme kiasi cha pesa na iseme mipaka ya heshima. Hayo ni haki yake. Kisha impe binti pesa mkononi, aende na mtu mmoja anayemwamini, asubuhi, akiwa amekula.

Wifi anaweza kwenda kuchagua keki.

Desemba inakuja

Kalenda ya mashela ina misimu yake. Makanisani harusi hupungua wakati wa Kwaresima na kurudi kwa kishindo baada ya Pasaka. Kwa Waislamu shughuli hujaa kabla ya Ramadhani, halafu tena Mfungo Mosi. Na Desemba, watu wakirudi Moshi, Bukoba na Mbeya kwa likizo, harusi hufuatana Jumamosi kwa Jumamosi na mashela ya Dar es Salaam husafiri kwa basi kupandishwa mlimani.

Anayeoa mkoani aulize mapema kama bei ya mkoani ni tofauti, maana gauni linalokwenda Rombo haliwezi kurudi Jumatatu na duka huhesabu siku zote hizo. Aulize kama Jumapili inahesabiwa. Aulize nani anabeba gharama likipotea njiani, na alibebe kama mzigo wa mkononi, siyo kwenye buti la basi chini ya mikungu ya ndizi.

Kuchagua kufanyike miezi mitatu au minne kabla, kujaribu tena kufanyike wiki mbili kabla, kwa sababu mwili wa mtu anayeandaa harusi haukai pale ulipokuwa. Na mwenye kununua ajue tangu siku hiyo atalifanyia nini baadaye. Duka la kukodisha hulinunua tena likiwa safi na la mshono unaotembea, kwa bei ya chini sana kuliko aliyolipa. Wengine hulikata likawa kanzu ya ubatizo ya mtoto wa kwanza. Likikaa kwenye nailoni juu ya kabati mvua mbili za masika, hakuna duka litakaloligusa.